Joho Tupu, jiwe la Scone na wafalme watoto

Wiki kadhaa zilizopita niliandika aya moja, moja tu, kuhusu jiwe ambalo wafalme wa Uskoti walikalishwa siku ya kusimikwa. Nilichokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyonayo, kwa hiyo nimechambua yale ya zama za kati, na mengine yanayofanana nimeyaunganisha. Neno moja kabla hatujaanza: nikisema Uingereza humu, nakusudia ile ya kusini yenye London. Uskoti enzi hizo ilikuwa nchi nyingine yenye mfalme wake, na kumwita Mskoti Mwingereza kungeweza kukugharimu meno.

Shikamoo mwalimu. Shuleni tulisoma tamthilia ya Macbeth. Huyu mtu alikuwepo kweli? Na ni kweli alimuua mfalme aliyekuja kulala kwake? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Alikuwepo, tena alitawala miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057, muda ambao wengi waliomtangulia hawakuufikia. Jina lake kwa Kigaeli, lugha ya Waskoti wa enzi hizo, ni Mac Bethad mac Findláich. Neno "mac" ni "bin" yetu hasa. Lile la kwanza ni sehemu ya jina lenyewe, maana yake Mwana wa Uhai. La pili ndilo la ubini, bin Findláech. Baba yake alikuwa mormaer wa Moray, kaskazini. Mormaer ni mkuu wa jimbo, mwenye kukusanya kodi na kuongoza jeshi la huko. Ukimfananisha na liwali wa pwani yetu utakuwa umepata nusu, kwa sababu liwali aliwekwa na sultani na sultani aliweza kumwondoa. Mormaer alitoka katika ukoo wenye jimbo lake, na mfalme aliyetaka kumng'oa alipaswa kuja na panga.

Sasa mauaji. Mfalme Duncan wa Kwanza, ndiye huyo wa kwenye tamthilia, hakuuawa kitandani, na hakuwa mgeni wa mtu. Mwaka 1039 alikwenda kuuzingira mji wa Durham, Uingereza, akapigwa vibaya. Mwaka uliofuata akapeleka jeshi Moray, nyumbani kwa Macbeth, na huko karibu na Elgin ndiko alikofia, Agosti 1040. Wala hakuwa mzee mwenye mvi. Kumbukumbu za watawa wa Ayalandi zinasema alikufa umri wake bado mchanga.

Ili kuelewa nani alikuwa na haki, sahau habari ya baba kumrithisha mwana. Kiti cha enzi kilizunguka baina ya milango ya ukoo wa kifalme, akishikwa mkono mwanamume mzima anayeweza kupigana. Faida yake ni kwamba hakuna mtoto aliyetawazwa. Hasara yake ni kwamba kila mlango uliokuwa ukingoja zamu ulikuwa na sababu ya kuifupisha zamu ya mwenzake. Kenneth wa Pili aliuawa 995, Constantine wa Tatu 997, Kenneth wa Tatu 1005. Wafalme watatu ndani ya miaka kumi! Aliyefuata, Malcolm wa Pili, hakuacha mwana wa kiume, na kiti kikaenda kwa Duncan, mtoto wa binti yake. Milango mingine ikarukwa, ukiwemo ule wa Gruoch, mke wa Macbeth, ambaye mwenyewe alikuwa mjukuu wa mfalme.

Gruoch ndiye yule bibi wa kwenye tamthilia anayeosha mikono isiyotakata. Mume wake wa kwanza, naye mormaer wa Moray, alichomwa moto pamoja na watu 50 mwaka 1032. Macbeth akamwoa mjane na kumlea mtoto wa marehemu, Lulach. Kuhusu mikono ya Gruoch tunachokijua ni kwamba yeye na mumewe waliwapa ardhi watawa wa Loch Leven. Na mwaka 1050 Macbeth alikwenda Roma, ambako mwandishi mmoja wa zama hizo anasema alitawanya fedha kwa maskini kama mtu anayepanda mbegu. Mfalme anayeogopa vivuli nyumbani kwake hafungi safari ya Roma.

Aliuawa Lumphanan, Agosti 1057, na Malcolm, mwana wa Duncan. Lulach alitawala miezi michache naye akauawa. Ubaya wa jina ulikuja baadaye sana. Shakespeare aliandika tamthilia yake mnamo 1606, na tangu 1603 mfalme aliyekaa London alikuwa Mskoti wa ukoo wa Stewart, ukoo ulioamini umetokana na Banquo, yule anayeuawa kwenye tamthilia. Banquo hakuwahi kuishi. Anaonekana mara ya kwanza katika kitabu cha historia cha Hector Boece kilichochapwa 1527. Babu wa kutunga alihitaji adui wa kutosha, na Macbeth hakuwa na kizazi cha kumtetea.

Kwa nini vitabu vinaandika "Mfalme wa Waskoti" na si "Mfalme wa Uskoti"? Ni makosa ya uchapaji? (Msomaji, Kisumu)

Si makosa. Cheo chenyewe kiliandikwa hivyo kwa Kilatini: mfalme wa watu. Wengine wameligeuza jambo hili kuwa falsafa nzima, nami sitafika huko. Ila angalia namna walivyomsimika.

Tarehe 13 Julai 1249, mtoto wa miaka saba aitwaye Alexander aliletwa Scone, karibu na Perth, akakalishwa juu ya jiwe. Hakuvikwa taji na askofu mkuu, hakupakwa mafuta. Erli wa Fife ndiye aliyekuwa na haki ya kumkalisha. Erli ni cheo kilekile cha mormaer kilichobadilishwa jina. Kisha akajitokeza mzee wa nyanda za juu, akapiga goti, akamsalimu kwa Kigaeli na kuanza kutaja nasaba: Alexander mac Alexander mac William mac Henry mac David, akaendelea kurudi nyuma hadi kwa mababu ambao hakuna mtu angeweza kuwathibitisha. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kilichokuwa kikifanyika pale. Asiye na nasaba hana kiti, na nasaba husomwa mbele ya watu ili mwenye pingamizi aseme.

Kupakwa mafuta walikutaka sana, maana wafalme wa Uingereza walipakwa na wakalitumia hilo kuwadharau. Papa alikataa kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa ushawishi wa Waingereza hao hao. Ruhusa ilitolewa Juni 1329, siku chache baada ya mfalme Robert Bruce, aliyeipigania, kufa. Aliyenufaika ni mwanawe David wa Pili, aliyepakwa mafuta mwaka 1331 akiwa na umri wa miaka saba.

Na jiwe, kwa waliouliza liko wapi: Edward wa Kwanza wa Uingereza alilichukua 1296 akaliweka katika kanisa la Westminster, London. Krismasi ya 1950 wanafunzi wanne wa Kiskoti waliliiba, likakatika vipande viwili mikononi mwao, likarudishwa London mwaka uliofuata. Lilirejea Uskoti rasmi 1996. Mwaka 2023 lilisafirishwa kwenda London kwa kutawazwa kwa Mfalme Charles, na sasa lipo katika makumbusho ya Perth. Ni jiwe la mchanga la kawaida kabisa, zaidi ya kilo 150, la aina inayochimbwa hapo hapo Scone.

Bruce, Stewart, Balliol, Comyn. Mbona hawa wakubwa hawana "Mac" kwenye majina? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu asili yao ni wageni. David wa Kwanza, aliyetawala 1124 hadi 1153, alikulia katika ikulu ya Uingereza, ambako mfalme alikuwa mume wa dada yake. Aliporudi kwao alikuja na marafiki: wana wadogo wa makabaila wa Kinormani na Kibretoni, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, ambao makwao hawakuwa na cha kurithi. Robert de Brus, ambaye ukoo wake ulitoka Brix huko Normandy, alipewa bonde zima la Annandale mnamo 1124. Walter, mwana wa Alan, ambaye mababu zake walitoka Bretagne, akapewa ardhi magharibi pamoja na kazi ya kusimamia nyumba ya mfalme. Cheo hicho cha msimamizi ndicho kilichogeuka jina la ukoo, Stewart. Mnyapara wa ikulu, kwa lugha ya mtaani. Miaka 200 na ushei baadaye kizazi chake kikakalia kiti cha bwana wake.

Malipo ya ardhi yalikuwa huduma: leta askari wa farasi kadhaa waliovaa chuma pindi mfalme anapoita. David pia alianzisha miji ya biashara yenye hati, kama Berwick, Perth na Stirling, akapiga sarafu za kwanza za Uskoti, akajenga monasteri kama Holyrood na Melrose. Lakini, na hapa Uskoti inatofautiana na Uingereza iliyotekwa na Wanormani 1066, hakuwafukuza wakuu wa zamani. Upande wa kaskazini mwa mto Forth wakuu wa Kigaeli walibaki na majimbo yao, wakaitwa maerli, wakaoza mabinti zao kwa wageni. Comyn alipata Buchan kwa njia ya ndoa. Kufika mwaka 1250 usingeweza kusema nani mgeni nani mwenyeji, isipokuwa kwa kusikiliza majina.

Mzee, tumalize ubishi kijiweni: William Wallace alivaa sketi na kujipaka rangi ya bluu? Na alikuwa mfalme? (Msomaji, Arusha)

Hapana, hapana, na hapana. Vazi la mikunjo mnalolifikiria lilikuja mwishoni mwa karne ya 16, karibu miaka 300 baada yake. Wallace alikuwa mtoto wa mwenye ardhi mdogo, alishinda pale daraja la Stirling Septemba 1297 akiwa pamoja na Andrew Murray, akawa msimamizi wa ufalme kwa jina la mfalme John Balliol aliyekuwa kifungoni Uingereza. Ushahidi ninaoupenda zaidi si wa vita: ni barua waliyoituma Oktoba mwaka huo kwa wafanyabiashara wa Lübeck na Hamburg, kuwaambia bandari za Uskoti ziko wazi, leteni bidhaa. Aliyeshiba ushindi mwezi mmoja tu tayari anafikiria forodha. Alinyongwa na kukatwakatwa London mwaka 1305.

Huwa sielewi. Waskoti walikuwa na mfalme wao, halafu wakamwita mfalme wa Uingereza awachagulie mfalme mpya. Huo si sawa na kumkabidhi fisi bucha? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili nitalikalia kitako.

Yule mtoto aliyesomewa nasaba Scone alikua, akawa mfalme hodari. Mwaka 1266 alivinunua visiwa vya magharibi kutoka kwa mfalme wa Norwei kwa marki 4,000 na nyingine 100 kila mwaka. Marki haikuwa sarafu, ilikuwa kipimo cha hesabu, theluthi mbili za pauni. Kisha balaa likaingia nyumbani. Kati ya 1281 na 1284 watoto wake wote watatu walikufa. Akaoa tena, Mfaransa aitwaye Yolande. Usiku mmoja wa Machi 1286, baada ya kula na baraza lake Edinburgh, akaamua kwenda kulala kwa mkewe Kinghorn, ng'ambo ya Forth, katikati ya dhoruba. Walimsihi abaki. Akavuka kwa mashua, akapanda farasi gizani, akapoteana na wenzake. Kesho yake walimkuta ufukweni, shingo imevunjika. Alikuwa na miaka 44.

Aliyebaki katika kizazi chake ni mjukuu, Margaret, binti wa mfalme wa Norwei, umri kama miaka mitatu. Kwa utaratibu ule wa kale asingefikiriwa hata dakika moja. Lakini kwa karne mbili Waskoti walikuwa wamehamia kwenye urithi wa mtoto kwa mzazi, na makabaila walikuwa wamekwisha kuapa kumkubali binti huyu. Wakatimiza kiapo. Wakakutana Scone, wakachagua wasimamizi sita: maaskofu wawili, maerli wawili, mabwana wawili wasio na cheo cha erli. Miaka minne nchi iliendeshwa na kamati kwa niaba ya mtoto ambaye hakuwa amekanyaga ardhi yake. Mwaka 1290 wakakubaliana kwamba ataolewa na mwana wa Edward wa Kwanza, ila kwa sharti lililoandikwa: Uskoti itabaki nchi mbali, huru, yenye sheria zake. Septemba mwaka huo huo Margaret akafia visiwa vya Orkney, njiani, akiwa na miaka saba.

Waliojitokeza kudai kiti walikuwa 13. Robert Bruce mzee, babu wa yule Robert Bruce aliyekuja kuwa mfalme na kuwashinda Waingereza pale Bannockburn, alikwisha kufika Perth na watu wenye silaha. Askofu wa St Andrews akamwandikia Edward aje mpakani kuzuia damu isimwagike. Kwa nini Edward? Kwa sababu siku hiyo hakuwa fisi. Alikuwa shemeji wa marehemu mfalme, babu mdogo wa binti aliyekufa, jirani ambaye nchi yake ilikuwa na amani na Uskoti kwa miongo mingi, na makabaila wengi wa Uskoti walikuwa na mashamba upande wake pia. Wahenga wetu wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Edward alichukua jembe, akalima shamba lao.

Alipofika Norham, mpakani, Mei 1291, aliwaambia: kwanza nitambueni kuwa mimi ni bwana wa Uskoti. Wasimamizi wakajibu kwa akili sana kwamba wao hawana uwezo wa kulijibu hilo, ni mfalme tu anayeweza, na mfalme hayupo. Ndipo Edward akawageukia wadai mmoja mmoja. Hakuna aliyetaka kuachwa nje wenzake wakiwa ndani. Wakatia mihuri. Mchezo uliisha pale, kesi yenyewe ilikuwa bado hata kuanza.

Kesi iliendeshwa vizuri, lazima tukiri. Waamuzi 104: 40 waliteuliwa na mdai John Balliol, 40 na Bruce, 24 na Edward. Ugomvi ulikuwa huu: wote wawili walitokana na David, kaka mdogo wa mfalme William aliyekufa 1214. Balliol alikuwa mjukuu wa binti yake mkubwa. Bruce alikuwa mwana wa binti wa pili. Nani mbele: mwenye tawi kubwa, au aliye karibu zaidi kwa ngazi? Mdai wa tatu, Hastings, mjukuu wa binti wa mwisho, alitaka ufalme ugawanywe mafungu matatu kama shamba la minazi. Novemba 1292 wakampa Balliol. Kisheria nadhani walikuwa sahihi, na sijawahi kushawishika na wanaomwita kibaraka tangu mwanzo.

Lakini ile mihuri ya 1291 ilikuwa ikingoja. Edward akaanza kusikiliza rufaa za Waskoti waliomshtaki mfalme wao, akamwita Balliol mahakamani kama mdaiwa wa kawaida, kisha akamtaka alete askari kwa vita dhidi ya Ufaransa. Mwaka 1295 makabaila wakaunda baraza la watu 12 na wakafunga mkataba na Ufaransa. Edward akaja 1296. Berwick ilichinjwa mwezi Machi, jeshi la Waskoti likavunjwa Dunbar mwezi Aprili, na Julai Balliol akasimamishwa mbele za watu akavuliwa nembo za kifalme zilizokuwa kwenye vazi lake. Jina lililomganda tangu siku hiyo ni Joho Tupu.

Wanawake je? Kwenye historia hii wao ni wa kuozwa tu? (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, wengi waliozwa, lakini nikupe mmoja aliyetumia haki yake na akalipia. Februari 1306, Robert Bruce, mjukuu wa yule mdai, alimchoma kisu mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa la watawa mjini Dumfries. Baada ya dhambi kama hiyo alikuwa na njia mbili, kukimbia au kuwa mfalme. Wiki sita baadaye alikuwa Scone, 25 Machi. Jiwe liko London. Erli wa Fife, mwenye haki ya kumkalisha, ni kijana aliye mikononi mwa Waingereza.

Akaja Isabella, mwanamke wa ukoo huo wa Fife, kufanya kazi ya ukoo wake. Alichelewa, ikabidi sherehe irudiwe siku mbili baadaye ili mkono wa Fife uwemo. Kumbuka mume wake alikuwa erli wa Buchan, Comyn, wa damu moja na aliyeuawa. Yaani alimtawaza muuaji wa ndugu ya mumewe, akijua. Alipokamatwa mwaka huo huo, Edward aliamuru atengenezewe kizimba cha mbao na chuma katika ngome ya Berwick. Mary, dada wa Bruce, akawekewa chake Roxburgh. Isabella alikaa humo hadi 1310, alipohamishiwa nyumba ya watawa, na baada ya 1313 kumbukumbu hazimtaji tena. Mke wa Bruce alifungwa kwenye majumba, kwa heshima kidogo, kwa kuwa baba yake alikuwa kabaila rafiki wa Edward. Alirudi kwao baada ya ushindi wa Bannockburn, 1314, kwa kubadilishana mateka.

Nimehesabu wafalme wa Uskoti nikashangaa: karibu wote waliingia wakiwa watoto. Nani alikuwa akitawala? Na hao makabaila si walikuwa wanyonyaji na wauaji tu? (Mwanafunzi, Morogoro)

Si karibu wote, lakini ni wengi. David wa Pili alikuwa na miaka mitano baba yake alipokufa. James wa Kwanza alikuwa mvulana, tena mfungwa. James wa Pili miaka sita. James wa Tatu minane au tisa. James wa Nne 15, na huyo tukamwita mtu mzima.

Sisi tuliosoma enzi za ujamaa tulilisikia neno kabaila likitamkwa pamoja na bepari na mnyonyaji kama majina ya mapacha watatu, na sitawatakasa. Mkulima wa Lothian aliwalisha bila kuulizwa. Lakini ukiuliza nani alikuwa akitawala, jibu ni wao, na ajabu si kwamba waliuana, ajabu ni kwamba nchi haikuvunjika. David wa Pili alitekwa na Waingereza 1346 akakaa kifungoni miaka 11. Fidia yake iliwekwa marki 100,000. Nchi iliendelea bila yeye. Aliyeisimamia kwa sehemu kubwa ni mpwa wake Robert Stewart, ambaye kwa ajabu ya nasaba alikuwa mkubwa kwa umri kuliko mjomba wake, na David alipokufa bila mtoto mwaka 1371 ndiye aliyerithi. Hapo ndipo Stewart wa kwanza alipokalia kiti.

Hata ile barua maarufu ya Arbroath ya mwaka 1320, waliyomwandikia Papa maerli wanane na mabwana 31, ina kifungu ambacho mfalme asingekiandika mwenyewe: kwamba Robert akithubutu kuwatia chini ya Uingereza, watamfukuza na kumweka mwingine. Kabla mwaka haujaisha, baadhi ya wenye mihuri kwenye barua hiyo walishtakiwa kwa njama ya kumpindua. Angalau walikuwa wameshasema.

Nyakati mbaya zilikuwepo, na za ukoo wa Stewart ndizo mbaya zaidi, kwani maadui walikuwa ami na binamu. James wa Kwanza alitekwa baharini 1406 na kukaa Uingereza miaka 18. Ami yake, Duki wa Albany, alitawala kwa raha na hakuonyesha haraka ya kumkomboa. James aliporudi 1424 hakusahau: mwaka uliofuata alimkata kichwa mwana wa Albany na wajukuu wawili. Wengine wakajifunza kuogopa, na wachache wakajifunza kingine. Februari 1437, usiku, waliingia nyumba ya watawa ya Perth alikolala. James aling'oa mbao za sakafu akajificha kwenye mfereji wa maji machafu. Mfereji huo ulikuwa na tundu la kutokea nje. Siku tatu kabla, yeye mwenyewe aliamuru lizibwe, kwa sababu mipira yake ya tenisi ilikuwa ikipotelea humo.

Mwanawe, James wa Pili, alitawazwa Holyrood, si Scone. Mwaka 1440, akiwa na miaka kumi, waliokuwa wakimlea walimwalika erli wa Douglas, kijana wa miaka 16 hivi, na mdogo wake, kwenye ngome ya Edinburgh. Ndiyo, ile inayoutazama mji alikosoma Mwalimu Nyerere. Wageni wakahukumiwa kesi ya dakika chache na kukatwa vichwa. Kile kichwa cha fahali mweusi kinachosemwa kililetwa mezani kilitungwa baadaye. Mtoto aliyeyaona hayo alipokua naye alimwalika erli mwingine wa Douglas, Stirling, 1452, kwa hati ya usalama, akamchoma kisu kwa mkono wake. Bunge likamsafisha. Alikufa 1460 mzinga wake mwenyewe ulipopasuka akiutazama kwa karibu, na kiti kikamwendea tena mtoto, na makabaila wakakaa tena kitako kuchagua nani amlee.

Kwa kifupi tu: visiwa vya Orkney na Shetland vilikuwa vya Norwei. Uskoti ilivitekaje? (Msomaji, Lamu)

Haikuviteka. Mwaka 1468 James wa Tatu alichumbia Margaret, binti wa Christian wa Kwanza, mfalme wa Denmark na Norwei. Kule enzi hizo mahari ilitoka kwa baba wa bibi harusi, na Christian aliahidi florini 60,000. Taslimu alisema atatoa 10,000, na kwa zile 50,000 akaweka Orkney rehani. Siku zilipokaribia alikuwa na 2,000 tu mfukoni, basi akaongeza Shetland rehani ya 8,000. Mwaka 1472 bunge la Uskoti likaviunganisha visiwa na ufalme. Wafalme wa Denmark waliofuata walijaribu mara kadhaa kupeleka fedha wavikomboe, na kila mara Waskoti walipata sababu ya kutozipokea.